Gikomba, Peni Haipiti Mkono kwa Mkono

Saa mbili asubuhi. Jua limekwisha kupanda juu ya mabati ya Gikomba, na Koki Maingi bado hajamwamini mtu.

Ameketi nyuma ya meza ndogo ya mbao, mgongo ameuegemeza ukutani ili asipitiwe na mtu kwa nyuma. Mezani ametandika kitambaa cheusi. Mbele yake amesimama fundi wa masufuria kutoka Shauri Moyo, ovaroli imejaa masizi, ngumi ya kulia ameifumba.

“Fungua mkono,” Koki anamwambia.

Fundi anafungua. Ndani mna peni tatu za Mwingereza, pana, zimeiva rangi ya kahawa.

“Weka hapo kwenye kitambaa. Mimi sipokei mkononi.”

Anaziweka.

“Na huo mkono mwingine?”

“Kwani mama, mimi ni mwizi?”

“Sijasema wewe ni mwizi. Nimesema niuone.”

Fundi anacheka kwa aibu na kuonyesha kiganja kitupu. Hapo ndipo Koki anapoinama. Anaziinua moja moja kwa ukingo, kwa ncha za vidole viwili, bila kugusa uso wala mgongo wa sarafu, na kuzigeuza polepole juani. Mbili anazisukuma kando kwa sababu zimetobolewa katikati. Ya tatu anaitazama kwa lenzi aliyoifunga kwa kamba ya kiatu, kisha anatoa hukumu.

“Huyu ni mzee. Shilingi tano.”

Koki ana umri wa miaka arobaini na saba, ni mama wa watoto wanne na mkaaji wa mtaa wa Bahati. Kazi yake ni kununua sarafu kuukuu za shaba za Mwingereza, kuzipima ubora na kuziuza kwa watu wanaozikusanya kama wengine wanavyokusanya stempu. Huzidaka kabla hazijafika kwenye chungu cha kuyeyushia. Gikomba vyuma chakavu hupimwa kwa kilo, na mizani haijui malkia wala mfalme.

“Mwezi mzuri napata kama mia nane,” anasema. “Mwezi mbaya nauza nyanya.”

Vipimo vyake amevitunga mwenyewe. Sarafu iliyofutika uso kabisa ni kipofu. Ambayo uso unaonekana lakini nywele zimelainika ni mzee. Kuna mtu mzima, kuna kijana, na juu kabisa kuna mtoto mchanga, ambayo haijawahi kuzunguka mifukoni mwa watu. Nje ya ukoo huo kuna aina moja ambayo hakubali hata kuipima: iliyosuguliwa ikang'aa. Hiyo anaiita aliyeoga.

“Sarafu haiogi,” anasema. “Rangi yake ndiyo ngozi yake. Ukiisugua umeichuna.”

Majirani hawana hakika naye. “Huyo mathee anatengeneza chapaa bandia,” alisema muuza mitumba mmoja ambaye hakutaka jina lake litajwe, akiwa amejificha nyuma ya rundo la suruali kana kwamba Koki anasoma midomo. Mwingine alisema peni zinapelekwa kwa waganga Kitui. Tangu jaribio la kupindua serikali Agosti ya mwaka jana, watu wa Eastlands wamezoea kutazamana kwa jicho la pembeni, na mtu anayechungulia pesa kwa lenzi hawezi kukosa kuulizwa maswali. Makarao wawili wa polisi waliwahi kuja kutafuta mashine ya kuchapia pesa chini ya meza yake. Walimkuta Malkia Victoria kwenye mkebe wa mafuta ya Kimbo, wakaenda zao.

Kusema kweli, hata mwandishi wa makala haya hakwenda pale na moyo mweupe. Mfukoni alikuwa na mtego wake, senti kumi ya mwaka 1936 yenye jina la Mfalme Edwardi, yule aliyeacha kiti kabla ya kuvikwa taji. Mtaani kuna uvumi wa miaka mingi kwamba peni ya Edwardi inanunua ploti Umoja. Kama mama huyu ni tapeli, niliwaza, atajaribu kuichukua kwa bei ya mkate.

Koki hakushika hata lenzi.

“Hiyo ni peni ya wapi?”

“Ya Edwardi.”

“Sikuuliza ya nani. Nimeuliza ya wapi.”

Kosa hilo, alieleza, hulifanya watu wa hapa peke yao. Nairobi tumezoea kuiita senti kumi ya zamani peni, ile ya Afrika Mashariki yenye tundu katikati. Mwingereza naye ana peni yake, isiyo na tundu, yenye uso wa mfalme. Senti kumi zenye jina la Edwardi zilichapwa nyingi kabla hajang'atuka, na zimejaa kwenye mikebe ya vifungo kutoka Makongeni hadi Dandora. Ambayo watu wa Ulaya wanaitafuta ni ile ya kwao, yenye uso wake, ambayo haikuwahi kutolewa kwa watu kutumia.

“Mmechanganya peni na peni,” alisema akinirudishia mtego wangu kwa kuusukuma kwenye kitambaa. “Kila wiki naletewa ploti ya Umoja. Hiyo haikununulii hata andazi.”

Neno hilohilo, anasema, ndilo lililoua peni nyingi za Mwingereza. Askari waliorudi kutoka vitani walikuja nazo mifukoni, wakaona kwamba zinalingana na senti kumi kwa upana na rangi, kasoro tundu. Wakazitia tundu. “Dukani kuna giza, mwenye duka atatazama uso? Anapapasa tundu tu, anakukatia tumbaku.” Ndiyo maana alizisukuma kando zile mbili za fundi. Zilizotobolewa huziuza kwa kilo kama vifuniko vya sufuria.

*

Koki alizaliwa Mwala, Machakos. Baba yake, Muindi, alikuwa fundi wa mikufu ya shaba, na peni za Mwingereza ndizo zilizokuwa malighafi ya kazi yake. Msichana alipewa kazi ya kuvukuta moto. Kabla ya kuzitumbukiza, alikuwa akizitazama.

“Kuna mwanamke ameketi na mkuki wa ncha tatu,” anasimulia. “Nilikuwa namwonea huruma, anaketi vile halafu anatupwa motoni. Nikaanza kuona mikuki haifanani. Mwingine una mapambo shingoni, mwingine ni mtupu. Nukta baada ya herufi, hapa ziko karibu, hapa ziko mbali. Nikadhani kila mwanamke ana mkuki wake.”

Hakujua kwamba tofauti hizo ndizo wakusanyaji wanazozigombania. Alikuja kujua baadaye, na kwa uchungu. Mwaka 1971, akiwa ameolewa na dereva wa lori na kuhamia Nairobi, alimuuzia mfanyabiashara mmoja wa River Road mfuko wa peni kwa bei ya kilo. Jina la mfanyabiashara huyo ni Patrobas Wekulo. Wiki hiyohiyo Koki alipita mbele ya duka lake na kumwona mmoja wa wanawake wake dirishani, amelazwa juu ya pamba, na bei iliyomfanya ashike ukuta.

“Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu, kuanzia leo nitatazama kila mtu mikono.”

Kutoka hapo zikazaliwa sheria zake. Sarafu haipiti mkono kwa mkono. Mwenyewe huiweka mezani, na Koki akimaliza huirudisha mezani, mwenyewe akaiokota, ili mtu asije akasema ilibadilishwa njiani. Na hakuna sarafu ya mtu inayolala kwake kabla hajainunua. Zaidi ya hayo, kila mteja hufundishwa kovu la sarafu yake. “Kila peni ina kovu,” anasema. “Imeanguka, imekwaruzwa, imeumwa na jembe. Nakufumbisha macho, unalitafuta kwa ukucha mpaka ukucha wako ulijue. Hapo hata nikikupa nyingine gizani utanikamata.”

Patrobas bado hununua kwake. Hawasalimiani kwa mikono.

*

Jumanne moja mwezi uliopita, mbele ya macho yangu, Koki alivunja sheria yake.

Mbingu ilikuwa nzito na mvua ilikuwa ikitishia. Mwanamke mmoja aliyejitanda shela ya kijani alifika kutoka Eastleigh. Alijitambulisha kama Sahro Jimale. Aliweka mezani sarafu kubwa kuliko peni za kawaida, nene, kahawia iliyokolea kama chai ya maziwa iliyokaa motoni. Chini ya shingo ya malkia palisomeka 1849.

Koki aliinama karibu nayo. Peni za shaba za mwaka huo ni adimu, na hii haikuwa na tundu.

Sahro alieleza kwamba ilikuwa ya marehemu baba yake, Mzee Jimale, aliyefanya kazi ya kuchochea makaa kwenye meli za Mwingereza. Huko Cardiff mama aliyempangisha chumba alimpa peni hiyo kama kumbukumbu, na mzee aliiweka kwenye mkebe wa tumbaku mpaka alipokufa. Sasa Sahro alitaka kufungua kibanda cha maziwa, na mama yake mzazi alikuwa amekubali iuzwe.

“Leo siwezi kuipima,” Koki alimwambia. “Hakuna jua. Rudi nayo kesho.”

“Mama Nthambi, kesho siwezi. Mtoto ana homa, na hapa nimemwacha kwa jirani. Ikae kwako. Mimi sina wasiwasi.”

Mama Nthambi, kama anavyoitwa kwa jina la kifungua mimba wake, alitazama wingu, akamtazama Sahro, akaitazama peni. Kwanza alimfumbisha macho. Ukucha wa Sahro ulilipata kovu ukingoni, juu ya herufi ya mwisho ya jina la malkia, pengo dogo kama la jino la mtoto. Kisha Koki akaikubali.

“Sijui ni kwa nini,” aliniambia baadaye. “Labda ni ile neno, sina wasiwasi. Hakuna mtu alikuwa ameniambia hivyo hapa Gikomba.”

Alhamisi jua lilitoka. Koki aliipima, akasema ni kijana, akaishona ndani ya kipande cha flaneli, na Sahro alipopita akaondoka nacho bila kukifungua. Patrobas alikuwa amekubali kwa mdomo kutoa shilingi elfu mbili na mia nne kama peni ni kama ilivyoelezwa. Wangekutana mezani siku ya Jumamosi.

Jumamosi Patrobas alikuja na koti la suti licha ya joto. Sahro aliweka kifuko kwenye kitambaa cheusi. Koki alikata uzi kwa wembe, akafunua flaneli.

Peni iling'aa. Ilikuwa ya waridi kama ufizi.

Patrobas aliitazama bila kuigusa. “Mama Nthambi, umeniitia hii? Mnajua mchezo huu. Mtu anachukua ya 1848, ambayo ni ya bei ya chini, ananyoa nane kwa tupa mpaka inakuwa tisa. Halafu anaisugua yote ili alama ya tupa isionekane.” Akavaa miwani, akaitazama tena. “Au ni ile yenyewe imesuguliwa. Ikishachunwa hivi, nani atajua? Nitatoa mia tatu, na hiyo ni huruma.”

Sahro hakuwa amesikia lolote baada ya neno mchezo. “Peni ya baba yangu ilikuwa kahawia,” alisema kwa sauti iliyoanza kupanda. “Ilikaa kwako siku mbili. Iko wapi?”

Koki naye alikuwa ameshika ule uzi aliokuwa ameukata, anautazama. “Huu si mshono wangu,” alisema polepole. “Mimi sishoni hivi. Kifuko kimefunguliwa kwenu. Wewe ndiye uniambie iko wapi.”

Kelele ziliwaleta watu. Wauza mitumba waliacha marobota, wasukuma mikokoteni wakaegesha. Mtu mmoja akasema si aliwaambia, huyu mama ni wa kutengeneza bandia. Mwingine akasema Wasomali ndio wajanja. Patrobas alikunja miwani yake taratibu, na nilipomtazama usoni sikuweza kujua kama alikuwa na huzuni au alikuwa akisubiri bei ishuke zaidi. Nilimshuku yeye. Halafu nikamshuku Sahro. Nakiri kwamba usiku ule nilimshuku Koki zaidi ya wote, kwa sababu mtu anayejihami hivyo huenda ana jambo la kuficha.

*

Kamati ya wenye vibanda iliketi Jumatatu, nje ya ghala la makoti. Mwenyekiti wake, Bwana Otiende, anauza makoti ya mitumba na ana sauti ya kuamulia ugomvi.

“Niwaambie mapema,” alianza. “Hapa tunakaa kwa jina. Mteja akiibiwa kwenye meza moja, wanatukimbia sote. Kama Mama Nthambi amebadilisha hii kitu, meza itatoka leo. Kama amesingiziwa, huyu dada asikanyage hapa tena.”

Koki alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani. Hakuwa amelala, macho yalisema. Meza ile ndiyo iliyosomesha watoto wanne, lakini aliponong'ona, hakutaja watoto. “Wakisema mimi mwizi,” aliniambia, “basi miaka yote hii ya kuwatazama watu mikono, nilikuwa natazama nini?”

Sahro alikuja na mama yake, Qali Abukar, ajuza mwembamba mwenye fimbo. Alipewa benchi. Hakuonekana kuelewa ni kwa nini watu walikuwa wengi hivyo kwa ajili ya sarafu moja.

Pande zote mbili zilisema yao, na maneno yakazunguka palepale. Peni ililala kwenye kitambaa cheusi katikati, inameremeta bila haya.

Otiende alikuna kidevu. “Mimi najua makoti tu. Mtu akija hapa akidai koti ni lake, simwulizi rangi, kwa maana koti linatiwa rangi. Namwuliza, kiraka kiko wapi? Sasa hii kitu yenu haina kiraka?”

Koki aliinua kichwa. Nilimwona akifumba macho kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha sufuria motoni. Siku mbili nzima alikuwa ametazama rangi na uzi, kama mgeni asiyejua kazi.

“Ina kovu,” alisema. “Analijua yeye. Mimi siigusi. Mpeni yeye.”

Sahro aliokota peni mezani. Alifumba macho kama alivyofundishwa, akaupitisha ukucha ukingoni. Ulizunguka nusu ya sarafu. Kisha ukasimama.

Alirudi nyuma kidogo kwa ukucha, akasogea mbele, ukasimama tena palepale.

“Lipo?” Otiende aliuliza.

“Lipo,” alisema Sahro. “Ni yenyewe. Ni peni ya baba.”

Watu waliguna. Lakini shaka haifi kirahisi Gikomba, inabadilisha koti tu. “Basi kaiosha nani?” alidakia mmoja kutoka nyuma. “Si ililala kwa huyo mama siku mbili?” Na macho yote yakamrudia Koki.

Qali alimvuta binti yake shela. Waliongea kwa Kisomali, maneno machache, Sahro akieleza kwa mikono. Nilimwona Sahro akigeuka ghafla.

“Hooyo?” alisema. Mama?

Ajuza akasimama kwa fimbo yake. Kiswahili chake kilikuwa cha Eastleigh, cha miaka mingi ya soko.

“Mimi ndio naosha,” alisema. “Alhamisi Sahro analeta, anasema, Hooyo weka vizuri, Jumamosi mgeni anakuja kuchukua. Mimi nafungua, naona iko chafu. Jimale alikuwa anaweka kwa tumbaku miaka yote. Sasa kitu yake inatoka kwa nyumba yangu inaenda kwa mgeni, mimi natoa na uchafu? Watu watasema mke wa Jimale alikuwa mchafu. Nachukua jivu, nachukua ndimu, naosha mpaka inakuwa kama siku alipewa. Nasoma dua. Nashona tena.”

Aliwatazama watu, kisha akamtazama Koki.

“Nimekosa?”

Wasukuma mikokoteni waliangalia chini. Kwa kweli iliuma. Jivu na ndimu vilikuwa vimekula shilingi elfu mbili na zaidi, na kilichomsukuma mjane kuvichukua kilikuwa heshima kwa mumewe.

Koki aliinuka. “Hujakosa, Mama,” alisema. “Kwetu pia kitu cha marehemu hakitolewi kichafu. Mimi ndiye niliyemwambia binti yako kovu, sikumwambia rangi. Kila siku nawaambia watu sarafu haiogi. Siku hiyo nikasahau kusema.”

Kisha akamgeukia Sahro, na hapo akasema jambo ambalo sikutarajia kulisikia hadharani. “Na wewe nisamehe. Nilipoona uzi si wangu, nilisema moyoni, huyu Msomali ameniingiza mjini.”

Sahro alijifunika mdomo kwa shela. Nilidhani analia, kumbe alikuwa karibu kucheka. “Mama Nthambi, na mimi nilisema, huyu Mkamba amenifanyia kiini macho.”

Soko lilicheka kwa nguvu, kicheko cha watu waliokuwa wamefikiri hivyohivyo. Otiende akasema meza inabaki, na kila mtu arudi kwenye kazi yake.

*

Patrobas aliposikia habari, alituma neno kwamba mia tatu bado ipo.

“Kwa nini anaing'ang'ania kama haina maana?” Koki aliniuliza, macho ameyafinya. Kumaliza kesi hakukumponya ugonjwa wake. “Anajua shaba inazeeka tena. Haitakuwa ile ya kwanza, lenzi itaona mikwaruzo ya jivu. Lakini ikiachwa itarudi kahawia, na mtu wa kuipenda atapatikana. Anataka izeekee dukani kwake.”

Kwa hiyo hawakuiuza. Kibanda cha maziwa hakikungoja peni. Siku hizi upande wa kushoto wa meza ya Koki pana madebe mawili ya maziwa ya ngamia na Sahro nyuma yake. Mteja wa maziwa anatazamwa mikono kama mteja wa peni. Sahro amejifunza haraka.

Juma lililopita Sahro aliiweka peni mezani, Koki akaichukua, nami nikafuatana naye hadi Eastleigh, kwenye chumba cha Qali. Dirisha lake linapata jua la asubuhi, na mpango ni kwamba peni ikae pale kwenye ubao wa dirisha, nje ya mkebe, ipigwe na hewa, izeeke. Koki ataipitia kila Idi.

Qali alikuwa amejiandaa. Alitandika kitambaa cheusi juu ya meza yake ndogo, kipya, kilichopindwa vizuri pembeni. Kisha akafungua viganja vyote viwili, akavinyoosha mbele ili vionekane, kama alivyosikia kwamba ndiyo sheria ya mama huyu. Vilikuwa viganja vya mtu aliyefua nguo maisha yake yote.

Koki alivitazama kwa muda. Hakuiweka peni kwenye kitambaa. Aliiweka katikati ya kiganja cha kulia, akavikunja vidole vya ajuza juu yake kwa mkono wake mwenyewe.

“Tutaitazama vizuri mtoto wa Sahro akimaliza shule,” alisema. “Mpaka siku hiyo, Mama, usiioshe.”

“Hata vumbi?”

“Hata vumbi.”